Majina ya Wazee Wanne wa Ukutani

Nyie mnaoshika ufagio sasa, kwanza acheni kupiga deki kama watu wanaozima moto. Sakafu ya kanisa letu ni ya saruji, na imekunywa nta tangu mama zenu hawajaposwa. Ukiimwagia ndoo nzima inapauka, na ikishapauka mnakuja nyumbani kwangu Nguvumali kuniuliza, bibi, wewe ulikuwa unafanyaje. Nilikuwa napiga magoti, ndivyo nilivyokuwa nafanya. Aliyetengeneza dekio aliliwekea mpini mrefu kwa sababu hakutaka kuinama, na mtu asiyeinama hajui chini ya mabenchi pakoje.

Mimi niliishia darasa la nne, shule ya mashamba ya mkonge upande wa Maramba, ambako baba alikuwa mkata mkonge. Mwalimu alitufundisha kusoma kwa sababu alichoka kutusomea. Kazi ya kusafisha kanisa nilifundishwa na Mama Agata, marehemu, aliyenitangulia. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba nta ya mshumaa ikimwagika kwenye kitambaa cha altare haikwanguliwi kwa kucha. Unaweka karatasi juu, unapitisha pasi ya vuguvugu, karatasi inainywa. Vinara vya shaba vinasuguliwa kwa majivu na ndimu. Chetezo cha ubani vilevile, ila ukikisugua kwa ndimu ukasahau kukisuuza, kama nilivyosahau mimi sikukuu moja, padre atafukiza na kanisa zima litanukia achari. Waumini siku ile walitoka na njaa.

Sasa picha. Ukuta wa kushoto kuna wazee wanne wamechorwa kwenye mbao, kila mmoja ana kitabu na kalamu. Hao ndio waandishi wa Injili: Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Zamani chini ya kila mmoja palikuwa na kibao cha jina. Mama Agata aliniambia, "Hawa usiwapitishie maji hata siku moja. Tambara kavu, polepole, kama unamfuta mtoto uso." Basi niliwafuta hivyo miaka yote, na vibao sikuwa navisoma. Nilikuwa na majina yangu. Wa kwanza Ndevu. Wa pili Mtanashati, maana ana uso mzuri. Wa tatu Paka, kwa sababu miguuni pake kuna mnyama. Wa nne Kengeza. Huyu jicho lake moja liko kwenye kitabu na jingine liko mlangoni, kama mwenye duka anayehesabu bidhaa huku anatazama nani anaingia.

Mbele ya Kengeza, karibu na nguzo, ndipo alipokuwa anapiga magoti Mama Kizito.

Mama Kizito ni mwenzangu tangu tulipokuwa wasichana. Mwanawe wa pekee, huyo Kizito, aliuza cherehani cha mama yake, akaondoka, na hakuna aliyejua aliko. Kibao cha Kengeza wakati huo kilisema Luka. Mama Kizito alimchagua kwa hesabu zake mwenyewe, maana katika waandishi wale wanne ni Luka peke yake aliyesimulia habari ya mwana mpotevu. "Wenzake waliiacha," aliniambia. "Huyu hakuiacha. Kwa hiyo shida yangu naisema kwake, yeye ataifikisha." Kila siku alikuja, akanong'ona, akajifunga khanga yake, akaenda zake kushona kwa mkono nguo ambazo zamani alizishona kwa mashine.

Kisha tukapaka rangi kanisa.

Mimi nilikuwa msibani Muheza. Vijana waliopewa kazi ya rangi walishusha picha, wakang'oa vibao, wakavitia vyote kwenye boksi moja, na walipomaliza wakavirudisha kwa kukisia. Niliporudi nikamkuta Kengeza anaitwa Mathayo, Mtanashati anaitwa Luka, na waliobaki nao wamebadilishana. Mimi nisingegundua. Waliogundua ni watu wa jumuiya.

Parokia yetu ina jumuiya nne, majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, na kila jumuiya imepewa mwandishi mmoja awe msimamizi wake. Mngedhani watu wazima wanaosali pamoja watasema, picha ni picha. Thubutu. Jumuiya ya Luka, walipoona wamepata Mtanashati, wakasema Roho Mtakatifu amerekebisha makosa ya zamani. Jumuiya ya Yohana wakasema Mtanashati alikuwa wao tangu mwanzo. Mwenyekiti wa parokia, ambaye ni wa Jumuiya ya Mathayo, hakutaka kabisa kusikia kwamba msimamizi wake ana kengeza. Wakaja kwangu wote. "Bibi, wewe umewafuta miaka yote, tuambie yupi ni nani." Nikawaambia ninawajua vizuri sana. Yule ni Ndevu, yule Mtanashati, yule Paka, yule Kengeza. Waliondoka wamenuna.

Paroko, mtu mpole asiyependa kelele, akampa kazi Frateri Deo, kijana aliyekuwa bado anasomea upadre, amekuja kwetu likizo. Akamwambia, tuondolee ujinga huu, wafundishe watu habari za hao waandishi. Hilo ndilo kosa alilofanya paroko.

Frateri alisimama baada ya misa, akafuta miwani, akatuambia kwamba vitabu vile vinne vilipoandikwa havikuwa na majina juu yake. Majina waliyaweka watu wa baadaye, vitabu vikiwa vimeshazunguka mikononi mwa wengi. Mathayo anasimuliwa ameketi mahali pa kutoza ushuru, anaitwa, anainuka, kana kwamba anayesimulia ni mtu mwingine anayemtazama kwa mbali. Marko hayumo katika wale mitume kumi na wawili. Wazee wa kale walisema aliyapata kwa Petro, na wazee hao nao waliambiwa na wazee. Luka mwenyewe anakiri mwanzoni kabisa kwamba hakuwepo, aliulizia kwa waliokuwepo. Na Yohana, mwishoni pake wanatokea watu wanamdhamini kwamba anasema kweli, bila kutuambia wao ni akina nani.

Alikuwa na furaha ya mtu aliyefunua sufuria ya jirani.

Nikamwuliza, "Na yule kijana aliyekimbia uchi usiku ule Yesu alipokamatwa, akawaachia shuka?"

"Wapo wanaodhani kuwa yule ndiye Marko, bibi."

"Basi ndiyo sababu hakuweka jina."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Frateri, kama siye Luka aliyeandika, ni nani?"

"Hatujui kwa hakika, Mwenyekiti. Inawezekana ni Luka. Inawezekana siye."

"Hujui?"

"Hakuna ajuaye."

"Basi kama hujui, mwache awe Luka."

Makofi yakapigwa kanisa zima. Nawaambieni, nadhani hata zamani hizo ndivyo ilivyokwenda. Watu waliketi na kitabu kizuri kisicho na jina, wakakuna vichwa, na palikuwepo mwenyekiti.

Ndipo Mama Kizito akainuka kutoka benchi la nyuma. "Frateri, kwa hiyo yule wa mwana mpotevu hajulikani."

"Ni vigumu kusema, mama, lakini..."

"Na picha nayo haijulikani ni ya nani."

"Picha ndiyo kabisa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akatoka. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Jumapili nafasi yake pale kwenye nguzo ilikuwa wazi, nikaona sakafu ya pale ilivyolika kwa magoti yake. Pamekuwa na shimo dogo linalokaa maji, na mimi nilikuwa nalilaumu saruji.

Nilimkuta Frateri sakristia, anatundika mavazi ya misa, nikamwambia, "Hiyo shule unayosoma umeimaliza?"

"Bado, bibi."

"Naona. Wamekufundisha kubandua. Kubandika hawajafika."

Akainamisha kichwa. Hakuwa mbaya. Alikuwa kama nyie na simu zenu, kila siku mnavumbua jambo ambalo maaskofu walishaligombania kabla babu wa babu yenu hajazaliwa, halafu mnatuletea mkihema kana kwamba ni samaki wa leo.

Nikaenda kwa Mama Kizito. Alikuwa uani anachambua mchele.

"Huji kanisani."

"Nije kwa nani? Kibao kinasema yule ni Mathayo. Mtoza ushuru. Siku zote hizi nampelekea mtoza ushuru habari za mtoto aliyeuza cherehani bila risiti. Atakuwa ameshaniandikia faini."

"Mungu yuko palepale, Mama Kizito."

"Mungu najua yupo, usinifundishe. Mungu ana watu wengi. Nilitaka mmoja wa kumkumbusha." Akatupa jiwe la mchele. "Mtu akishakwambia hujui ulikuwa unasema na nani, unaanza kujiuliza kama kweli ulisema. Halafu unajiuliza yule mtoto mwenyewe kama yupo. Nikiacha kumtaja mimi, nani mwingine anamtaja?"

Nilichukua ungo nikamsaidia kuchambua.

Kumbe aliyechora picha zile alikuwa hai bado, yuko Pangani. Paroko akanituma na Frateri tukamwulize yupi ni nani, mambo yaishe. Mama Kizito aliposikia akavaa viatu. "Nakwenda. Nataka nimsikie kwa masikio yangu."

Fundi Hatibu tulimkuta barazani kwake, mzee mwembamba mwenye kofia ya kazi nzuri, macho yameingia ukungu. Enzi zake alichora vibao vya maduka na majina ya ngalawa. Frateri akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaagiza kahawa na kashata kabla hata hajauliza tumefuata nini. Watu wa pwani wana adabu hiyo. Kwetu kanisani mgeni anaulizwa jumuiya kwanza.

"Picha za kanisani," akasema. "Nazikumbuka. Padre wenu wa zamani aliniambia, Hatibu, nichoree wazee wanne wanaandika. Nikamwuliza, wanaandika nini? Akasema, habari njema. Nikasema haya. Nikaja papa hapa barazani, nikachora waliokuwepo."

"Waliokuwepo?" Frateri akauliza.

"Wazee wa hapa wanaokunywa kahawa. Ningewatoa wapi wengine? Wenzangu wa msikitini walininunia, nachora watu, tena wa kanisani. Nikawaambia, jamani, ni akina fulani tu hawa, hata majina sikuwapa."

"Majina hukuandika wewe?"

"Wala sikuambiwa. Vibao alipigilia seremala wenu, Mungu amrehemu. Naye kusoma alikuwa hajui. Alipewa maneno kwenye karatasi akayanakili, kisha akatundika anapoona pamependeza."

Frateri alikuwa amebakiwa na tumaini moja. Vitabuni alisoma kwamba Marko huchorwa na simba. "Mzee, na yule mwenye simba miguuni?"

"Simba gani?"

"Yule mnyama."

"Yule paka. Alikuwa anapita."

Frateri akavua miwani, akaiweka mfukoni. Mimi nilikunywa kahawa yangu. Jina la Paka nilimpa mimi.

Mama Kizito alikuwa hajagusa kikombe. "Mwenye kengeza ni nani?"

"Ah, yule ni ami yangu. Alikuwa muuza kahawa. Mji mzima ulikuwa unampelekea shida zake, maana ukimweleza jambo hakukatizi, anakutazama tu mpaka umalize. Watu wakasema ana subira ya mitume. Wallahi, mama, alikuwa kiziwi. Sikio la kushoto halikuwa na kazi kabisa. La kulia lilisikia, ila mpaka upige kelele."

Mama Kizito aliinamia kikombe. Nikadhani tumemmaliza. Mara mabega yakaanza kutikisika, nikaona anacheka, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa pindo la khanga. Tangu cherehani kiondoke sikuwa nimemwona akicheka hivyo.

"Siku zote," akasema, "namnong'oneza kiziwi."

"Ulikuwa unakaa upande gani?" Fundi Hatibu akauliza, na hakuwa anatania.

"Kwenye nguzo. Kushoto kwake."

"Aa. Huko hapakufika kitu."

"Basi nitahamia kulia," akasema Mama Kizito, akachukua kahawa yake. "Na nitapaza sauti."

Na alipaza. Jumapili iliyofuata, watu wanaingia, kwaya inajaribu sauti, Mama Kizito kapiga magoti upande wa kulia wa Kengeza anasema kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. "Mzee. Ni mimi tena. Mwanangu Kizito, mrefu, ana kovu kidevuni, anatembea kama anayechelewa. Mwambie cherehani nimesamehe. Yeye mwenyewe simsamehi mpaka nimwone." Kwaya ikanyamaza. Watoto wakageuka. Mwenyekiti akaenda kwa paroko kusema ibada inavurugwa, paroko akaniita mimi, nimwombe apunguze sauti.

Nikamwambia, "Padre, mzee ni kiziwi."

Akanitazama sana. Tangu hapo hakuuliza tena.

Ikawa hivyo kila siku, na Jumapili mara mbili. Watu walizoea, hata watoto walikuwa wanaikariri: mrefu, kovu kidevuni, anatembea kama anayechelewa. Siku moja pakawa na harusi, na katika wageni alikuwepo mama mmoja kutoka Maramba. Aliposikia maneno yale akamwuliza jirani yake, huyo anasema habari za Kizito mpakia machungwa? Maana kwao kuna kijana wa sura hiyo, anapakia machungwa kwenye malori, hana mke, hana maneno mengi, na akiona cherehani kwenye baraza la fundi anapita upande wa pili wa barabara. Muda wote ule tulimtafuta Mombasa, Dar es Salaam na kwenye machimbo, naye yuko Maramba, ambako hata gari bovu linafika siku hiyohiyo. Yule mama alirudi akamwambia, mama yako anakutangaza.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana mnaniuliza kila mara, na nitasema mara hii tu.

Ilikuwa mchana wa siku ya kazi. Kanisani tulikuwa wawili, mimi na Mama Kizito. Mimi nilikuwa chini ya benchi la tatu nabandua nta, kichwa kimeelekea ukutani, goti limenikaza. Yeye alikuwa mbele ya Kengeza anapaza sauti kama kawaida. Alishasema mrefu. Akasema, "Ana kovu..." akanyamaza.

Nilisikia ukimya huo, basi. Sikusikia mlango, sikusikia hatua. Kujitoa chini ya benchi kwa umri wangu si jambo la mara moja, na nilipofanikiwa kutoa kichwa hapakuwa na mtu. Khanga yake ilikuwa sakafuni, upande wa kulia. Aliyeona ni Kengeza, maana jicho lake moja liko mlangoni, naye hasemi. Mama Kizito hajanisimulia, wala sijamwuliza.

Ndama aliyenona hakuwepo. Tulichinja jogoo wangu, naye alikuwa mzee kama mimi, tulimtafuna mpaka magharibi. Kizito alikula ameinama. Mama yake alimwekea paja, akasema, "Kula, cherehani hakiliwi." Akala.

Sasa sikieni Tanga inavyosimulia. Jumuiya ya Mathayo walidai muujiza ni wao kwa sababu kibao siku ile kilisema Mathayo, na kwao walirudi vijana wawili, Kizito na mwenziwe, sijui mwenziwe wamemtoa wapi. Jumuiya ya Marko wanasema alikuja mbio, akaingia mbio, wakaondoka mbio, mwisho. Jumuiya ya Luka wanasema mama aliimba, tena wana na maneno ya wimbo. Jumuiya ya Yohana wanasema mama alisimama mlangoni akatoa hotuba ndefu kuhusu nuru. Mama Kizito na nuru. Mwanamke ambaye hotuba yake ndefu kuliko zote ni kuhusu bei ya uzi. Ukiwauliza nani aliona, kila mmoja aliambiwa na mtu wa kuaminika.

Frateri, siku hizi ni padre huko milimani, alinipigia simu. "Bibi, zimenifikia nne. Ipi ya kweli?"

"Si wewe uliyesoma?"

"Lakini wewe ulikuwepo."

"Nilikuwa chini ya benchi."

Akasema, "Lakini alirudi."

"Alirudi," nikamwambia. "Jogoo wangu hayupo."

Vibao viko sakristia. Paroko aliniambia nivitoe ukutani, nikavitoa. Vitatu viko nyuma ya ngazi. Kimoja nimekitia chini ya mguu wa kabati lililokuwa linayumba, kipi, sikuangalia. Mwenyekiti anasema ukuta usio na majina unaleta mashaka. Mashaka anayo yeye, ukuta uko sawa.

Nami karatasi hizi sijaziandika jina. Nimesikia zitatiwa kwenye kijitabu cha parokia. Mkiona juu yake jina la Mwenyekiti msishangae, ila mjue mwandishi ni mtu aliyewahi kuona mabenchi kwa chini.

Haya, kazini. Anzeni kwa Ndevu, mje kwa Mtanashati, mpite kwa Paka. Tambara kavu. Mkifika kwa Kengeza msiharakishe, futeni sikio la kulia mpaka ndani kwenye mkunjo, vumbi lisikae. La kushoto mnaweza kuliruka.